Mdogo wangu hakukosa kliniki hata siku moja, kadi imejaa namba. Kwa nini hakuna aliyemwambia kichwa kikiuma afanye nini?

#1 Kaka Mtu
Habari wakuu. Kuna jambo limenikaa kooni miezi minne, leo naliweka hapa.

Mdogo wangu wa kike alibeba mimba yake ya kwanza. Kliniki alikwenda kila alipopangiwa. Kadi yake ninayo hapa mezani, imekunjwa mara mbili na pembe moja ililowa maji. Presha wiki ya 12: 104/66. Wiki ya 20: 108/70. Wiki ya 26: 120/78. Wiki ya 31: 136/88. Uzito umeandikwa, urefu wa mimba umeandikwa, mapigo ya mtoto yameandikwa. Kwenye kisanduku cha mkojo cha wiki ya 31 kuna mstari tu.

Wiki ya 33 aliamka kichwa kinamuuma, akasema ni uchovu. Mchana akaanza kuona vimulimuli, akasema ni njaa. Jioni maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, akasema kiungulia. Akameza dawa ya maumivu, akalala. Saa nane usiku mume wake aliamshwa na kitanda kinachotikisika. Kifafa cha mimba.

Wako hai wote wawili, nashukuru. Mtoto alitolewa kwa upasuaji akiwa na kilo 1.7. Alipopata nafuu nilimuuliza, hukuambiwa kwamba kichwa na vimulimuli ni dalili za hatari? Akanijibu: "Kaka, niliambiwa presha iko sawa, rudi tarehe fulani. Mara zote nne."

Sitafuti wa kumfunga. Nataka kuelewa. Mtu anapimwaje mara zote hizo bila kushauriwa hata mara moja? Tatizo liko wapi?

#2 Zena wa Pili
Pole sana kaka. Nakaa hapa nisome.

#3 Mama Pacha
Tatizo ni foleni, wala tusizunguke. Mimi nilibeba mapacha, kwa hiyo kliniki nilikwenda mara nyingi kuliko wengine. Unakaa saa tatu kwenye benchi, ukiingia ndani unatumia dakika nne. Nesi haangalii uso wako, anaangalia kadi. Na simlaumu, nje kuna wenzako thelathini. Dakika nne hizo ni za mkanda wa presha, mizani na utepe. Ushauri ungekaa wapi?

#4 Fundi Saa
Naomba nitofautiane. Mahudhurio manne ni machache, hapo ndipo shida ilipoanzia. Siku hizi Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mara nane. Angekwenda mara nane wangemkamata.

#5 Daftari
Fundi Saa, nane ni kwa mimba nzima. Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema mara ya kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hesabu mwenyewe: mpaka wiki ya 31 alitakiwa awe amekwenda mara nne, na amekwenda mara nne. Miadi iliyofuata ingekuwa wiki ya 34. Kifafa kilimwahi kwa wiki moja.

Kuna kitu kingine kwenye mwongozo ule ambacho watu hawakizungumzii. Zamani, kuanzia 2002, utaratibu uliopendekezwa ulikuwa mahudhurio manne. Walipoongeza hadi nane walibadilisha na neno lenyewe. Hawakutaka tena kuita "ziara" ya kliniki, wakachukua neno lenye maana ya kukutana, mjamzito na mhudumu kuunganika. Maana mtu anaweza kufika, akapimwa, akaondoka, na hakuna aliyekutana naye. Ndicho alichokisema mleta uzi kwa maneno yake.

#6 Fundi Saa
Nimekubali Daftari, nilihesabu vibaya. Asante.

#7 Mkunga wa Zamu
Kaka Mtu, pole sana, na mpe pole mdogo wako. Mimi ni mkunga, mwaka wa 19 kazini. Nimesoma bandiko lako mara mbili kabla ya kujibu kwa sababu najua naandikia mtu aliyeumia.

Tunasema. Kila asubuhi kabla ya kuanza kupima, mkunga mmoja anasimama mbele ya benchi anafundisha dalili za hatari: kutokwa damu, maji kupasuka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali ya tumbo, homa, mtoto kupunguza kucheza. Nimeyasema haya maelfu ya mara. Lakini ninayasema saa mbili asubuhi, watoto wanalia, wengine ndio wanaingia mlangoni, wengine wamesimama kuomba maji. Aliyefika saa tatu hakuyasikia. Aliyeyasikia yuko kwenye wiki ya 10, ana kichefuchefu, hayamhusu bado. Akifika wiki ya 33 ameshayasahau.

Ndani ya chumba ndipo penye ukweli mchungu. Mikono yangu inafanya kazi nne: kufunga mkanda, kuvuta utepe kutoka kwenye kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, kusikiliza, kuandika. Nikishaweka sikio kwenye ile pembe ya mti siwezi kuongea wala kusikia anachosema mama. Naachia mkono, pembe inabaki katikati ya sikio langu na tumbo lake, nahesabu mapigo, 110 hadi 160 ndiyo sawa. Ile ndiyo dakika anayokuwa karibu nami kuliko zote, na ndiyo dakika ambayo hatuzungumzi. Nikiinuka naandika. Nikimaliza kuandika, mwingine yuko mlangoni.

Kuhusu ule mstari kwenye kisanduku cha mkojo: mara nyingi maana yake vile vijiti vya kupimia vimeisha. Inaniuma kukuambia hivyo.

#8 Kaka Mtu
Mkunga wa Zamu, asante kwa kusema ukweli. Sasa niambie hili kama mtaalamu: 136/88 ilikuwa sawa au haikuwa sawa?

#9 Mkunga wa Zamu
Kwa mstari wa vitabu, ni chini ya kiwango. Presha ya mimba inahesabiwa ikifika 140 juu au 90 chini, ikapimwa zaidi ya mara moja, baada ya wiki ya 20. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo vimeguswa, ndipo tunaita hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa hiyo aliyemwambia "iko sawa" hakudanganya. Alisoma namba ya siku ile.

#10 Daftari
Hapo ndipo penyewe. Alisoma namba ya siku ile, hakusoma safu nzima. Kutoka 104/66 hadi 136/88 ni kupanda 32 juu na 22 chini. Miaka ya nyuma kulikuwa na kigezo kwamba ikipanda 30 juu au 15 chini kuliko ya mwanzo, inahesabika kuwa ni shida hata kama haijafika 140/90. Kiliachwa, maana kilikuwa kinawakamata wanawake wengi ambao hawakupata tatizo lolote. Lakini hata waliokiacha walisema mwanamke wa namna hiyo aangaliwe kwa karibu. Kuangaliwa kwa karibu hakuhitaji mashine. Kunahitaji mtu amwambie: mama, presha yako imepanda kidogo, rudi baada ya wiki moja, na kichwa kikiuma usisubiri.

#11 Mkunga wa Zamu
Sibishi hilo. Sentensi moja. Ingechukua sekunde kumi.

#12 Ngao
Mimi nina maelezo tofauti kabisa. Tatizo ni kadi. Angalieni kadi yoyote ya kliniki, ni visanduku vya namba. Presha, uzito, wingi wa damu, urefu wa mimba. Hakuna kisanduku kinachouliza "mama ametaja mwenyewe dalili za hatari?" Mfanyakazi yeyote anafanya kile atakachokaguliwa. Msimamizi akija anakagua visanduku kama vimejaa. Ushauri hauonekani kwenye kadi, kwa hiyo haufanyiki.

#13 Mama Pacha
Ngao, kadi nyingi zina orodha ya dalili za hatari nyuma, imechapwa kabisa.

#14 Ngao
Ipo, kwa herufi ndogo, upande ambao hakuna anayeugeuza. Kaka Mtu, hebu geuza hiyo kadi utuambie.

#15 Kaka Mtu
Nimegeuza. Ipo. Dalili saba. "Maumivu makali ya kichwa" ni ya tatu. Mkunjo wa kadi umepita katikati ya mstari huo, maneno yamefutika nusu.

Nimekaa kimya kidogo hapa.

#16 Zena wa Pili
Jamani.

#17 Bi Hadhari
Nitasema jambo ambalo huenda halitapendwa. Sisi wanawake hatuulizi. Nilizaa watoto watatu, kote huko sikuwahi kumuuliza mkunga namba ile maana yake nini. Sababu naijua: niliogopa kufokewa. Mimba ya kwanza niliuliza kwa nini natoka maji maji, nikajibiwa kwa ukali mbele ya watu kwamba nisubiri zamu yangu. Nikafunga mdomo kwa mimba zote mbili zilizofuata. Mtu akishakuaibisha mara moja, hata akikuuliza "una swali?" unasema "sina."

Vile vile kuna maswali hayaulizwi kabisa. Kama tendo la ndoa linaruhusiwa (mimba isiyo na matatizo, linaruhusiwa). Kama kulia kila siku bila sababu ni kawaida. Hilo la kulia ndilo lililonitesa mimi, na hakuna mkanda unaolipima.

#18 Tumaini Jipya
Bi Hadhari umenigusa. Mimi nilikuwa nalia bafuni miezi minne nikiwa mjamzito. Kila mtu alikuwa anasema sonona huja baada ya kuzaa. Kumbe hata wakati wa mimba ipo, tena wengi wa wanaoipata baada ya kuzaa ilianza kabla. Mkunga mmoja alinishika bega akaniuliza "na wewe mwenyewe unaendeleaje?" Nikaangua kilio palepale. Alinipeleka kwa mshauri. Nilikutana naye mara sita, na sitamsahau.

#19 Fundi Saa
Haya yote ni kweli, lakini tusiwasahau waume. Shemeji yake Kaka Mtu alikuwa nyumbani siku ile. Kichwa asubuhi, vimulimuli mchana, maumivu jioni. Angekuwa amewahi kuingia kliniki hata mara moja, angejua. Watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika 1994 juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huyu dada alikwama kwenye ule wa kwanza, na ule wa kwanza unatokea nyumbani.

#20 Mama Pacha
Fundi Saa leo umekuja na majina na miaka, naona ulienda kujiandaa baada ya Daftari kukusahihisha 😊 Lakini hoja yako naiunga mkono. Wangu aliingia na mimi mara moja tu, siku ya ultrasaundi, kwa sababu alitaka kuona kama kweli ni wawili.

#21 Kaka Mtu
Fundi Saa, shemeji yangu anajilaumu mpaka leo, naomba tusimwongezee mzigo. Ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Hakuwahi kualikwa ndani. Siku aliyokwenda alikaa nje na wanaume wengine.

#22 Fundi Saa
Samahani Kaka Mtu, sikuwa na nia hiyo. Msalimie sana. Hilo la kukaa nje ndilo jibu lenyewe.

#23 Mwana wa Maabara
Nimechelewa kufika. Naona wote mnakubaliana kwamba angeshauriwa asingeugua. Hapana. Tuwe waangalifu. Ugonjwa huu unaanzia kwenye kondo la nyuma, wiki za mwanzo kabisa, pale mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi inaposhindwa kupanuka inavyotakiwa. Presha inayoonekana wiki ya 31 ni moshi wa moto uliowashwa muda mrefu. Na kuna wanawake wanaopata kifafa bila kupitia hatua zote, presha haijapanda sana, hawajavimba. Ushauri ungemfikisha hospitali mchana badala ya usiku, na huko angepewa sindano ya magneziamu salfeti kabla ya degedege. Hilo ni kubwa. Jaribio kubwa lililochapishwa 2002, la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionyesha dawa hiyo inapunguza uwezekano wa kifafa kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa angeupata tu.

#24 Zena wa Pili
Mbona kwenye familia yetu tunaambiwa dalili ni miguu kuvimba? Mimi niko wiki ya 29 na miguu imevimba kila jioni, sasa nimeanza kuogopa.

#25 Mkunga wa Zamu
Zena, hongera kwa mimba, na usiogope. Miguu kuvimba jioni huwapata wajawazito wengi, kwa sababu mwili unabeba maji mengi na mfuko wa uzazi unabana mishipa. Kinachonishtua mimi ni uso na vidole vya mikono kuvimba ghafla, pete ikagoma kutoka, macho yakaamka yamejaa. Au mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, hilo nalo ni la kukimbia hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Presha yako ya mwisho ilikuwa ngapi?

#26 Zena wa Pili
Sijui. Sikuangalia. Ngoja nitoe kadi.

#27 Zena wa Pili
112/72. Mkojo: hakuna protini. Wingi wa damu 10.4.

#28 Mkunga wa Zamu
Presha nzuri. Damu iko chini kidogo, kwa wiki zako kiwango ni 11 kwenda juu, sawa na mwanzoni mwa mimba; katikati ya mimba ndipo huwa 10.5. Vidonge vya kuongeza damu unavimeza?

#29 Zena wa Pili
Vinanifunga choo, huwa naruka siku.

#30 Mkunga wa Zamu
Ndivyo wengi wanavyofanya na hawatuambii. Usiviache. Meza usiku ukienda kulala, kunywa maji mengi mchana, na usivimeze pamoja na chai au kahawa, huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni dawa hiyo. Ikikushinda kabisa mwambie mkunga wako, kuna aina nyingine na kuna dozi ya mara moja kwa wiki kwa wasioiweza ya kila siku.

#31 Daftari
Wakuu, mmeona kilichotokea hapo? Kuanzia #24 hadi #30, mabandiko saba, mwanamke ameuliza jambo lililokuwa linamtisha, amejua presha yake, na imegundulika anaruka dawa. Hakuna mashine iliyotumika.

#32 Ngao
Na ametoa kadi kwa sababu aliulizwa.

#33 Mshairi wa Wiki
Natoka nje ya mada kidogo, mnisamehe. Mke wangu ni kundi A hasi, mimi ni O chanya. Aliambiwa atachomwa sindano wiki ya 28 bila kuelezwa ni ya nini. Mama mkwe amesema wanawake wenye damu hasi mtoto wa kwanza huishi, wa pili hufa, na sasa nyumba nzima haina amani. Kuna ukweli?

#34 Mwana wa Maabara
Zamani ulikuwepo ukweli ndani yake, ndiyo maana wazee wanakumbuka. Mama hasi akibeba mtoto chanya, damu ya mtoto ikipenya kwake, hasa wakati wa kujifungua, mwili wake unatengeneza askari dhidi ya damu chanya. Mtoto wa kwanza huwa ameshatoka. Wa pili ndiye anayeshambuliwa. Sindano ya anti-D inafuta zile chembe za damu ya mtoto kabla mwili haujajifunza kuzitambua. Hupewa wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Pia baada ya mimba kuharibika au kutokwa damu, hapo mkumbushe daktari. Tangu ianze kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, vifo vile vimepungua mno.

Na sindano hiyo hutengenezwa kutoka kwenye damu ya watu. Kuna Mwaustralia mmoja, James Harrison, alichangia plazima yake mara 1,173 mpaka alipofikisha miaka 81, kwa sababu damu yake ilikuwa na hao askari kwa wingi. Amefariki 2025.

#35 Mshairi wa Wiki
Mara 1,173! Namsomea mke wangu bandiko hili sasa hivi. Asante sana mkuu.

#36 Bi Hadhari
Nimependa ulivyomjibu bila kumdharau mama mkwe. Wangeongea hivyo kliniki, watu wangeuliza.

#37 Tumaini Jipya
Turudi kwenye swali la Kaka Mtu. Mimi naona ushauri ulitakiwa uanze hata kabla ya mimba. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inafaa ianze kabla ya kushika mimba, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafungwa kufikia siku ya 28 tangu kutungwa. Wengi siku hiyo ndiyo kwanza wanahisi wamechelewa siku zao. Sasa kliniki ya wiki ya 12 inakuja kufanya nini kwa hilo? Na wenza wawili wanaobeba kinasaba cha selimundu bila wenyewe kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kupata mtoto mgonjwa. Hilo linazungumzwa kabla, watu wakiwa na muda wa kufikiri, siyo mtu akiwa na tumbo la miezi mitano.

#38 Fundi Saa
Basi kama ni hivyo, wa asidi ya foliki ameze nyingi kabisa, hata miligramu 5, awe salama zaidi.

#39 Mwana wa Maabara
Hapana Fundi Saa, usimpe mtu ushauri huo. Dozi kubwa ni ya waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo la uti wa mgongo na wengine wachache daktari anaowaona wanaihitaji. Na kwenye maeneo yenye malaria, ambako wajawazito hupewa dawa ya SP kwa kinga, miligramu 5 za foliki zinapunguza nguvu ya SP. Ndiyo maana WHO inasisitiza ile ndogo, miligramu 0.4, ndizo zile mikrogramu 400.

#40 Fundi Saa
Nimefuta wazo. Leo najifunza mimi.

#41 Ngao
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: foleni, kadi, woga wa kufokewa, waume kukaa nje, vijiti kuisha, ugonjwa wenyewe kujificha, na kuanza kuchelewa. Mimi nabaki na kadi.

#42 Mama Pacha
Na mimi nabaki na foleni. Hata ukiweka kisanduku cha ushauri, mwenye dakika nne atakitia alama ya vema bila kuongea.

#43 Bi Hadhari
Dakika nne zinatosha kumwambia mtu neno jema. Mkunga wa Tumaini alitumia sekunde tano.

#44 Mkunga wa Zamu
Nimekuwa nikifikiria uzi huu tangu jana. Leo kazini nilijaribu kitu. Kila mama, baada ya kuandika presha, nilimgeuzia kadi nikamwonyesha namba yake ya mwezi uliopita na ya leo, kisha nikamwomba aniambie yeye, siyo mimi nimwambie: "Kichwa kikikuuma sana usiku, utafanya nini?" Mama wa saba akanijibu "nitalala." Alikuwa na wiki 35. Tulizungumza mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Nilichelewa kutoka kwa saa moja na nusu, na wenzangu hawakufurahi. Mama Pacha ana haki kuhusu foleni. Lakini yule mama wa saba siwezi kumtoa kichwani.

#45 Kaka Mtu
Mkunga, Mungu akulinde.

Mdogo wangu nimempa simu asome uzi mzima. Alisoma akiwa na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa blanketi, ndivyo walivyofundishwa tangu wodini. Sasa ana kilo 5.2. Ameniomba niulize maswali mawili. La kwanza, je, mimba nyingine itakuwa hivi hivi? La pili, kwa nini daktari alimwambia presha iangaliwe hata sasa wakati mtoto ameshatoka?

#46 Mwana wa Maabara
La pili kwanza. Hali hii inaweza kutokea au kuendelea hata baada ya kujifungua, hadi wiki sita. Yeye ameshazipita, vizuri. Lakini aliyewahi kuipata ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele, kwa hiyo apime angalau mara moja kwa mwaka.

La kwanza: uwezekano wa kurudi upo na ni mkubwa kuliko kwa mwanamke mwingine, hasa kwa kuwa ilimpata kabla ya wiki ya 34, lakini wengi hubeba salama. Muhimu afike mapema, kabla ya wiki ya 12, aseme sentensi ya kwanza kabisa: "niliwahi kupata kifafa cha mimba." Daktari ataamua kuhusu aspirini ya dozi ndogo kila siku. Hiyo haiponyi, inapunguza uwezekano, na inafanya kazi ikianza mapema. Jaribio la 2017 walianza wiki ya 11 hadi 14, na kesi za kabla ya wiki ya 37 zilipungua kwa zaidi ya nusu.

#47 Bi Hadhari
Aspirini kwa mjamzito? Sisi tulikatazwa.

#48 Mkunga wa Zamu
Ile ya kutuliza maumivu, vidonge vikubwa, ndiyo mliyokatazwa, na bado si ya kujimezea. Hii ni ndogo, miligramu 75 hadi 150, na hutolewa na daktari kwa aliye kwenye hatari. Nimeona wanawake wameandikiwa, wakafika nyumbani, mtu akawaambia kama ulivyosema, wakaitupa. Hapo napo ni ushauri uliishia nusu.

#49 Mama Pacha
Na kilo 5.2 hizo, mpe mjomba hongera!

#50 Zena wa Pili
Nimetoka kliniki leo. Safari hii niliuliza. Presha ya kwanza ilikuja 138/84, moyo ukaniruka. Nikamwambia nesi nimepanda ngazi sasa hivi na sijakaa. Akaniangalia, akasema "kaa dakika tano, egemea kiti, usikunje miguu, usiongee." Akahudumia mtu mwingine, akarudi, akapima tena: 114/70. Akaandika zote mbili. Halafu akaniuliza kama nina swali lingine. Nikamwambia kuhusu vidonge na choo. Amenibadilishia.

#51 Kaka Mtu
Zena, mume wako alikuwa ndani au nje?

#52 Zena wa Pili
Ndani. Ndiye aliyeshika kadi.